Bei ya mwani inapangwa na nani, na mama anayelima ana haki gani?

#1 BintiMarumbi
Asalaam alaykum wanajukwaa. Naomba hili tulijadili bila kuingiza vyama.

Nilikuwa pwani na mama yangu mdogo siku ya kupima. Kavuna, kaanika, kakung'uta mchanga, katia kwenye mapolo, yale magunia makubwa. Karani wa kampuni akaja na mzani wa kuning'iniza. Akachomoa mwani konzi moja katikati ya polo, akaufinya, akasema "bado mbichi huu", akakata kilo tatu kwa kila polo. Kipimo chenyewe ni kiganja chake. Halafu ndiyo akataja bei, na bei ilikuwa imeshuka. Wanawake wote waliokuwepo pale wamesikia siku hiyo hiyo, mwani ushaanikwa, huwezi kuurudisha baharini.

Hapa Zanzibar kilimo hiki cha biashara kilianza 1989 kule Paje na Jambiani, Unguja. Leo wakulima visiwani wamepita 20,000, na asilimia 80 hivi ni wanawake. Kila mwaka tunaambiwa mwani ni zao letu la pili la kuuza nje baada ya karafuu. Basi mbona karafuu ina bei ya kutangazwa na ya mwani tunaisikia kwa karani? Nani anakaa na nani kuamua? Na yule mama akionewa kwenye mzani, aende wapi?

#2 Ngalawa_Uroa
Wa alaykum salaam. Jibu ni jepesi: soko la dunia. Mwani wanaolima Indonesia na Ufilipino ni mwingi mno, sie ni tone. Wakivuna vizuri kule, huku bei inaanguka. Hata serikali ikitangaza bei, mnunuzi wa Ulaya hatausoma huo waraka.

#3 MtotoWaKiuyu
Dada, umetaja Paje na Jambiani tu, kama kawaida yenu wa Unguja. Mlianza nyinyi, kweli, lakini sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar sasa inatoka Pemba. Njoo Kiuyu Mbuyuni, Maziwang'ombe, Tumbe, au shuka Kisiwa Panza uone. Na huku shida inazidi, maana mnunuzi anakutolea hesabu ya gari na ya meli hadi Unguja. Bei tunayopewa sie ni ile iliyobaki baada ya safari.

Na ikumbukwe Micheweni, wilaya yetu, imo kwenye orodha ya wilaya maskini kabisa za Zanzibar. Anayelima zao la pili la taifa ndiye anayekosa sukari ya futari.

#4 Mkondo_wa_Bahari
Niingie kidogo kitaalamu, maana #2 kasema kweli nusu.

Tuna aina mbili kubwa, spinosamu na kotonii. Kotonii inatoa kapa, aina ya karajinani, ule ute wa mwani wa kugandishia vyakula, ndiyo inayotakiwa zaidi na viwanda vya vyakula vya maziwa na nyama za kopo. Spinosamu inatoa aina nyengine, aiota, ambayo soko lake ni dogo, zaidi dawa ya meno na vipodozi. Kwa hiyo kotonii bei yake mara nyingi ni mara mbili ya spinosamu au zaidi. Sasa sie karibu wote tunalima spinosamu. Mwenye bidhaa ya bei ndogo atapata bei ndogo hata akipewa mzani wa dhahabu.

#5 BiMkubwa_Jambiani
Mwanangu #4, unasema tunalima spinosamu kana kwamba tumeichagua. Mie nimelima kotonii. Tulikuwa tunaipanda na inakua, kamba inalemea hadi unaita mwenzio akusaidie. Kisha maji yakaanza kuwa moto. Ukienda mchana maji yamekupwa, unatia mguu unautoa. Mwani unapauka, unakuwa mweupe kwenye shina, unakatika vipande, ukija siku ya pili umebaki na kamba na tai-tai, vile vikamba vya kufungia mbegu, zinaelea. Tukapewa mbegu tena, zikafa tena. Tukarudi kwenye spinosamu kwa sababu ndiyo inayovumilia.

Wataalamu wakatwambia twende maji makubwa. Sawa, huko kuna baridi na kotonii inaishi. Lakini wanawake wa umri wangu wangapi wanajua kuogelea? Sie tunalima pale maji yanapotufika kiunoni. Na chombo cha nani?

#6 Mkondo_wa_Bahari
@BiMkubwa_Jambiani shikamoo. Uliyosema ndiyo yaliyoandikwa na watafiti pia. Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari pale mjini, amelisimamia hili la kotonii na maji ya kina miaka mingi, ndipo zikaja nyavu za mrija ambazo mbegu inawekwa ndani badala ya kufungwa kwa tai-tai. Zinafanya kazi. Ila zinataka mashua, zinataka watu wa kuvuta, na zinataka mtu asiyeogopa kina. Hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja.

#7 Polo_na_Mzani
Mimi nimefanya kazi upande wa kununua miaka mingi, sasa nimestaafu. Naona humu karani ndiye mbaya. Hebu niseme upande wa pili.

Mwani unaletwa na mchanga. Unaletwa umeanikwa chini, si kwenye chanja, umechanganyika na majani ya bahari na vipande vya kamba. Na unavunwa haujakomaa. Mwani unataka wiki sita baharini ili karajinani yake ikomae. Watu wanavuna wiki ya tatu, bamvua, siku za maji kujaa na kukupwa sana, likija tu. Kontena likifika nje linapimwa, likikutwa chini ya kiwango mnunuzi wa kule anakata, na kampuni ya hapa haina pa kuitoa hasara hiyo isipokuwa kwenye bei. Kilo tatu za unyevu si dhulma, polo la mwani mbichi likikaa ghalani linapungua uzito kweli.

#8 BintiMarumbi
@Polo_na_Mzani shikamoo mzee wangu, nashukuru kwa kusema wazi. Lakini nikuulize mambo mawili.

La kwanza, aliyeanika kwenye chanja na aliyeanika mchangani mlikuwa mnawapa bei tofauti? Kwetu bei ni moja. Sasa mtu akaushe siku tatu juu ya chanja ya miti aliyoinunua, apate sawasawa na jirani aliyemwaga chini, atafanya hivyo kwa ajili gani?

La pili, anavuna wiki ya tatu kwa sababu duka linamdai na skuli wanataka mchango. Akingoja wiki sita hapati ziada yoyote kwa ukomavu ule, na katikati upepo ukivuma kamba zinakatika, kakosa vyote.

#9 Hesabu_za_Pwani
Wacha niweke namba, kila mtu aone. Tuchukue bei ya mfano, shilingi 700 kwa kilo ya spinosamu kavu.

Kilo moja kavu inatokana na kilo saba hadi kumi za mwani mbichi. Polo la kilo 50 kavu maana yake mama amebeba kutoka majini kilo 350 hadi 500, umejaa maji ya chumvi, juu ya kichwa au kwa kuburura gunia, kwenye matope na mawe. Polo hilo ni shilingi 35,000. Akipata mapolo manne kwa mzunguko wa wiki sita ni 140,000, sawa na elfu ishirini na tatu na kidogo kwa wiki. Kilo tatu za karani kwa kila polo ni kilo 12, shilingi 8,400. Hiyo ni asilimia 6 ya jasho lake imekwenda kwa kufinywa na kiganja.

Sijatoa kamba, vigingi, wala nauli ya daladala kwenda hospitali macho yakimuuma.

#10 ShangaziChwaka
Macho! Ahsante kwa kulitaja. Jua linapiga juu ya maji na kurudi usoni, kwa muda wa saa nne tano umeinama. Mie macho yamekuwa mekundu hayarudi tena. Na mgongo usiseme. Viatu vya mpira ukivikosa, miiba ya chini ya maji inakusubiri. Hayo hayamo kwenye bei.

#11 Tumbatu_Moja
Mbona hakuna aliyegusa mkopo wa kamba? Kijijini kwetu kampuni inakupa kamba, tai-tai na mbegu. Bure, wanasema. Lakini ukishachukua, mwani wako ni wao. Akija mnunuzi mwengine na bei nzuri zaidi huruhusiwi kumuuzia, na ukimuuzia kwa siri msimu ujao hupati kamba, wala ndugu yako hapati. Ndiyo maana pwani moja mnunuzi mmoja. Hilo soko la dunia la #2 haliji kijijini kwetu, linaishia kwa huyo mmoja.

#12 Ngalawa_Uroa
@Tumbatu_Moja na kampuni isipotoa kamba, nani atatoa? Benki? Mnunuzi aliyewekeza vifaa lazima ajilinde, la sivyo yeye analea na mwengine anavuna. Mie sitetei dhulma, nasema mfumo ule ndio uliofanya mwani uanze. Mama zetu mwaka 1989 hawakuwa na mtaji hata wa kununua kigingi.

#13 Tumbatu_Moja
Mwaka 1989 sawa. Deni la kamba la 1989 halijaisha tu?

#14 Wakili_Mlandege
Nimeitwa kwenye uzi huu na rafiki, nitajibu lile swali la haki.

Chini ya Sheria ya Ardhi namba 12 ya 1992, ardhi yote Zanzibar ni mali ya umma. Mtu anapewa haki ya kutumia, miti inaweza kuwa ya mtu mbali na ardhi iliposimama. Sasa mkulima wa mwani yuko wapi hapo? Shamba lake liko kwenye eneo linalofunikwa na maji na kufunuliwa. Kwa desturi, aliyepiga vigingi mwanzo ndiye mwenye pahala, na kamati ya kijiji na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, wanaheshimu. Lakini mkononi hana karatasi. Hawezi kuliweka rehani na akiondolewa hana cha kudai fidia nacho, zaidi ya huruma ya aliyemwondoa.

Mkataba wa kuuza nao ni wa mdomo. Akienda kulalamika kwamba kilo tatu zimekatwa, ataonesha nini? Stakabadhi inaandika uzito uliokwisha kukatwa. Kwa hiyo @BintiMarumbi, haki anayo, ushahidi ndio hana. Anzieni kwenye stakabadhi: uzito wa mzani, kilichokatwa, sababu, bei. Mistari minne. Na vituo vya msaada wa sheria vipo, kina mama wanaweza kwenda bila kulipa.

#15 Kusi_na_Kaskazi
Hilo la kuondolewa ndilo linalotuuma sie wa pwani ya mashariki. Watalii wanataka kucheza na matiara yale makubwa juu ya maji, vigingi vinawakera. Hoteli moja, jina naliacha, iliweka mlinzi kwenye njia tuliyokuwa tunashukia na mapolo. Tunaambiwa tuzunguke. Kuzunguka na gunia limejaa maji ni jambo la nusu saa, na maji hayamngoji mtu. Wengi wameacha kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya bei.

#16 Dereva_wa_Nungwi
Nyinyi mnalia na hoteli, wengine hoteli ndiyo inatulisha. Mke wangu aliacha mwani akaenda kufua mashuka, analipwa kila mwezi, jua halimpigi. Mwani ni kazi ya mateso, tuiache ife yenyewe.

#17 BiMkubwa_Jambiani
@Dereva_wa_Nungwi mwanangu, Mwenyezi Mungu amzidishie mkeo. Lakini mie hoteli haitanichukua, sina cheti na umri umekwenda. Na nikwambie kitu ambacho nyinyi vijana hamkioni. Kabla ya mwani, pesa ya mwanamke pwani ilikuwa ya kuombwa. Pesa ya mwani ya mwanzo nilinunua bati, nikaezeka kwa jina langu. Wanawake wa kijiji kizima walijenga, walisomesha, waliotaka kutoka kwenye ndoa mbaya walitoka na pa kwenda wanapo. Usiseme ife. Sema irekebishwe.

#18 ShangaziChwaka
Allah akuhifadhi Bi Mkubwa. Umenitoa machozi asubuhi hii.

#19 MtotoWaKiuyu
Mashallah. Na tuongeze: bei ikipanda wanaume wanakuja. Kwetu kotonii ilipopata bei, waume na kaka wote wakawa wakulima wa mwani, wakachukua maeneo ya kina kwa sababu vyombo ni vyao. Bei ikishuka wanarudi kwenye nyavu, mwani unakuwa "kazi ya wanawake" tena. Hata zile boti zilizogawiwa miaka hii ya uchumi wa buluu, ile sera ya kukuza kipato cha baharini, angalia nani ameshika usukani na nani amekaa katikati na ndoo.

#20 Ngalawa_Uroa
Huko Kiuyu kwenu ndiko hivyo. Uroa tunasaidiana na wake zetu.

#21 MtotoWaKiuyu
Hahaha, mwite mkeo aje athibitishe humu.

#22 Karafuu_Mtambwe
Nirudi kwenye karafuu, maana imetajwa toka #1 na watu wanaisifia bila kuijua. Kweli ZSTC, shirika la biashara la serikali, ndiye mnunuzi pekee, bei inatangazwa, na sera ni mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Lakini kabla ya hapo, miaka mingi, shirika hilo hilo lilikuwa linampa mkulima sehemu ndogo kabisa, ndiyo watu wa Pemba wakawa wanavusha karafuu usiku kwenda Mombasa. Mnunuzi mmoja wa serikali si dawa peke yake. Dawa ilikuwa ile asilimia, na ilikuja baada ya kelele nyingi sana. Kwa mwani sijawahi kusikia asilimia yoyote ikitajwa na mtu yeyote.

#23 Mkondo_wa_Bahari
Na tofauti nyengine: karafuu ikikauka inauzwa sokoni ilivyo, mtu anaitia kwenye pilau. Mwani mkavu haumfai mtu mpaka upite kiwandani. Ndiyo maana wengi wameweka matumaini kwenye kiwanda cha kusarifu mwani cha serikali kule Chamanangwe, Pemba. Tukisarifu hapa hapa hata spinosamu itaongezeka thamani.

#24 Polo_na_Mzani
Kiwanda kitataka mwani safi na uliokomaa, na kila siku. Tunarudi kule kule kwenye #7. Na kiwanda nacho ni mnunuzi. Kinaweza kuwa na karani mwenye kiganja.

#25 SabuniYaKidoti
Sisi tuliacha kumsubiri mnunuzi wa mapolo. Tuko kikundi cha wanawake, tunasaga unga wa mwani, tunatengeneza sabuni za karafuu, mdalasini na mchaichai, na mafuta ya kujipaka. Bweleo nao wanafanya. Kilo moja ya mwani ikiingia kwenye sabuni inalipa mara nyingi kuliko kwenye polo. Karibuni mjifunze, hatufichi.

#26 Hesabu_za_Pwani
Hongereni sana dada, kweli kabisa. Lakini kilo ngapi zinaingia kwenye sabuni kwa mwaka? Zanzibar inavuna maelfu ya tani. Sabuni inaweza kuwaokoa wanawake mia, watalii wakija. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, mliuza kwa nani? Naogopa tukisema "waongeze thamani" tunamtupia mama mzigo mwengine wa kutafuta soko, na wanaonunua kwa tani wanabaki bila kuulizwa.

#27 SabuniYaKidoti
2020 tuliuza hapa hapa mjini, kwa shida. Sikusema ni jibu la wote. Nimesema sie hatukukaa.

#28 Kijana_wa_Paje
Naona mnazungumza bei tu. Akizeeka je? Bibi yangu kalima hadi miguu imekataa. Anapokea pensheni jamii, na nashukuru, Zanzibar ilianza 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 bila kuangalia alikuwa mwajiriwa au la. Ilianza na 20,000 kwa mwezi. Lakini mgongo wa mkulima wa mwani haungoji 70, unakatika hamsini na kitu. Miaka kumi na tano hapo katikati anakula nini? ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, wana mpango wa hiari, ila nani amekwenda pwani maji yakikupwa kumwandikisha mtu? Kampuni inayokata kilo tatu za unyevu ingeweza kukata mia mbili ya uzeeni na yenyewe ikaongeza mia mbili.

#29 Wakili_Mlandege
@Kijana_wa_Paje hoja nzuri, lakini tahadhari. Kampuni ikianza kumchangia itaulizwa kama huyu ni mwajiriwa wake, na itakimbia. Kwa sasa wanasema ni mkulima huru. Mkulima huru asiyeruhusiwa kumuuzia mwengine, kama alivyoeleza #11. Hapo ndipo ningependa mahakama ipelekewe kesi siku moja.

#30 Ngalawa_Uroa
Kesi itachukua miaka na kampuni itahamia Msumbiji. Madagaska pia wanalima. Tusiue kuku wa mayai ya dhahabu.

#31 ShangaziChwaka
Kuku gani huyo ambaye mayai yake hatujayala? Mnaanza kututisha kila tukiuliza bei.

#32 Karafuu_Mtambwe
Ushirika jamani. Mkiwa na ghala lenu mnaweza kungoja. Mwani uliokauka vizuri hauozi upesi.

#33 Tumbatu_Moja
Ghala tulijenga na mradi. Mradi ulipomaliza, funguo ilibaki kwa mwenyekiti, mwenyekiti akahamia mjini. Hatukuwahi kuweka hata polo moja. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu tulichanga mawe wenyewe, wanawake, kwa vichwa vyetu.

#34 Polo_na_Mzani
Kuhusu mzani nitoe ushauri wa bure. Nunueni wenu, wa kuning'iniza, mpime nyumbani kabla karani hajafika, muandike kwenye daftari. Karani akiona daftari mkono wake unakuwa mwepesi. Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye kijiji kimoja cha kusini. Na watu wa mizani na vipimo wa serikali wanaweza kuitwa kuukagua mzani wa kampuni.

#35 BintiMarumbi
Ahsante mzee, hili la daftari nalipeleka Jumamosi. @Wakili_Mlandege naomba uniandikie ile mistari minne ya stakabadhi kama fomu, nitaitoa nakala mjini. Ila bado sijajibiwa: bei yenyewe nani anapanga?

#36 Mkondo_wa_Bahari
Mnunuzi wa nje anatoa bei, kampuni ya hapa inatoa gharama zake na faida yake, kinachobaki ndicho cha mkulima. Kile cha katikati ndicho hakuna anayekitangaza.

#37 Ngalawa_Uroa
Na kwa sababu bei ya nje ni ndogo, hata cha katikati ni kidogo. Msitegemee makubwa.

#38 Hesabu_za_Pwani
Kama ni kidogo kitangazwe tu, hakuna hasara.

#39 MtotoWaKiuyu
Tuanze na sisi wenyewe basi. Kila mtu aandike humu kijiji chake, aina ya mwani, bei ya wiki hii na kilo walizokata kwa kila polo. Majina ya kampuni na makarani acheni. Mie nitaanza kesho wakishapima hapa Kiuyu. Jambiani, Chwaka, Tumbatu, Kidoti, mpo?

#40 BiMkubwa_Jambiani
Tupo. Kwetu wanapima Jumatatu, mjukuu atanichapia.